Koti la Kwenda Kuwaona Wafalme wa Nta

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na alipokuja London kunitembelea alikuwa na ombi moja tu. Hakutaka kuona saa kubwa, wala daraja, wala walinzi wenye kofia za manyoya. Alitaka nimpeleke kwenye lile jumba la sanamu za nta, akaangalie nguo za wafalme.

Mchokozi wa jambo hilo nilikuwa mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza huku, katikati ya miaka ya tisini, nilimtumia kadi ya posta yenye picha ya mfalme mmoja wa zamani wa nta, kavaa koti jekundu lenye vifungo viwili viwili mpaka kitovuni. Niliinunua kwa sababu ilikuwa ya kwanza kwenye ile rafu ya kuzunguka yenye kadi pale kituoni, basi. Baba akaibandika ukutani juu ya cherehani yake, Iringa, na kuanzia siku hiyo kila nikipiga simu, kabla hajaniuliza kama nimekula, alikuwa akinisomea makosa ya yule mfalme.

"Bega lake la kushoto limekaa vibaya," aliniambia. "Sijui ni mpiga picha au ni fundi."

"Baba, dakika zinakwisha."

"Ziishe. Mwambie fundi wake bega halipandi hivyo."

Tulizungumza hivyo miaka kumi na mmoja, kwa kadi zile za simu za kukwangua, mimi nimesimama kwenye ngazi za jengo letu Barking, yeye kaegemea kaunta ya duka la jirani lenye simu. Mimi nikimweleza kazi, mvua, mtoto niliyemzaa, yeye akinirudisha begani kwa mfalme. Alikuwa na hoja yake. Mfalme wa kweli, alisema, hawezi kumruhusu fundi wa Iringa amshike kola. Wa nta hana neno. Kwa hiyo nilipopata makaratasi yangu na nyumba yenye chumba cha mgeni, nikamtumia tiketi, swali halikuwa aje kufanya nini. Swali lilikuwa siku gani tutakwenda.

Nilipaswa kufurahi tu, na nilifurahi. Lakini nilikuwa na jambo langu moja moyoni, nalo lilikuwa halinipi usingizi tangu viza yake ilipotoka.

Baba alijua nafanya kazi "kwenye nguo". Ndivyo nilivyomwambia, naye akaitangazia Iringa nzima: binti yangu yuko kwenye nguo, London. Sikudanganya. Nilikuwa kwenye nguo mpaka shingoni. Nilifanya kazi kwenye ghala moja kubwa huku mashariki, ambako nguo zilizovaliwa na kuachwa na Waingereza huletwa kwa malori, zikapita mbele yetu kwenye mkanda, tukazichambua, zikafungwa mabelo, zikapanda meli. Mengine yalikwenda Ulaya ya mashariki, mengine Afrika ya magharibi. Mengine yalikuwa na herufi za Dar es Salaam, nami nilizijua herufi hizo kabla sijafika karibu.

Asiyemjua baba yangu hawezi kuelewa kwa nini hilo lilinikausha mate. Nilipokuwa mdogo alikuwa na duka pembeni ya soko, cherehani nne, vijana watatu chini yake. Alishona sare za shule za nusu ya mji na suti za maharusi wa nusu ile nyingine. Kisha mitumba ikaingia kwa wingi. Sisi tuliiita kafa Ulaya, na wakati ule kila mtu alicheka akilitaja jina hilo, isipokuwa mafundi. Suruali iliyokwisha shonwa, kwa bei ya uzi wake yeye tu! Cherehani ya kwanza iliuzwa, ikafuata ya pili, vijana wakaondoka, na nilipokuwa naondoka nchini baba alikuwa amebaki na cherehani moja kwenye baraza la watu, akipunguza urefu wa suruali za kafa Ulaya kwa wateja walewale aliowapima tangu darasa la kwanza.

"Nimewavisha miaka thelathini," alisema mara moja, nami nilikuwepo, "na nguo hizi zimenivua mimi."

Aliapa hatavaa mtumba maishani mwake, na hakuvaa, hata soksi. Sasa niambieni ningemwambiaje kwamba ada za wadogo zangu, dawa za mama mpaka alipotutoka, na bati jipya juu ya kichwa chake, vyote vilitoka kwenye mabelo. Niliogopa kitu kimoja tu: kwamba siku atakayojua, hatasema tena kwa mtu yeyote kuwa binti yake yuko kwenye nguo. Neno lile lilikuwa fahari yake yote, na nilikuwa nimelijenga juu ya kitu kilichomvunja.

Alifika mwishoni mwa Oktoba, kavaa suti ya kijivu aliyoishona mwenyewe kwa ajili ya safari, na kofia. Suti ilikuwa nzuri kiasi kwamba afisa mmoja pale uwanjani aligeuka kuiangalia, niliona kwa macho yangu. Ila ilikuwa nyepesi. Baridi ya Iringa ya Juni inauma lakini inaomba samahani saa nne asubuhi. Hii ya huku haina adabu. Mpaka tunafika kwenye basi baba alikuwa amekunja mikono kifuani na bado anajidai hasikii kitu.

Mipango ya ziara aliishika binti yangu. Alikuwa na miaka tisa, kazaliwa hapahapa, Kiswahili anakisikia chote na anakijibu kwa Kiingereza. Babu yake alimwita mchumba tangu mlangoni, naye hakujua afanye nini na jina hilo, akaamua kulipokea. Alileta karatasi kutoka shuleni, akachora njia: treni ya mstari wa rangi ya waridi kutoka Barking bila kubadilisha, shuka, panda ngazi, geuka kushoto. Aliandika siku: Alhamisi ya wiki inayofuata, kwa sababu likizo ya shule itakuwa imeanza na yeye ataweza kuja, lakini si Jumamosi yenye foleni ya kuzunguka jengo. Aliandika saa. Aliandika chakula: chapati na mayai ndani ya karatasi ya foili.

Kisha akamuuliza babu yake anataka kuona nani. Mimi nikawa mkalimani, ingawa hawakunihitaji sana.

"Wafalme kwanza," baba alisema. "Halafu askari, maana nguo ya askari haifichi kosa. Halafu maaskofu kama wapo."

"Footballers, Babu?" binti yangu aliuliza.

"Wale wanavaa nini?"

"Shorts."

"Tutawapungia mkono tukipita."

Akaliandika hilo pia, neno kwa neno, kwa Kiingereza chake.

Likabaki suala la koti. Nilisema nitamnunulia. Baba akaweka kikombe cha chai mezani, taratibu.

"Nisimame mbele ya mfalme na koti la kiwandani? Lililoshonwa na mtu aliyekuwa anawahi basi?"

"Baba, ni baridi. Na mfalme ni wa nta."

"Mimi si wa nta."

Akazungusha macho sebuleni, akatazama pembe zote nne, akauliza cherehani yangu iko wapi. Sikuwa nayo. Akasema haya, nyumba ya binti wa fundi haina cherehani, hata mganga ana kibuyu. Niliona aibu ya kweli, kwa sababu baba alinifundisha kazi ile. Tangu nina miaka minane nilikaa dukani kwake baada ya shule, nikipiga bandi, ile mishono ya muda, nikifumua, nikijifunza kugeuza nguo ndani nje na kuisoma. Sheria zake zilikuwa mbili. Ya kwanza: usikate kitambaa bila kuacha akiba ndani ya mshono na ndani ya pindo, kwa sababu mteja ana haki ya kukua, kunenepa na kukonda. Ya pili: dukani kila anayejifunza anamwamkia fundi, bila kujali umri. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja kujifunza ukubwani, aliyemzidi baba miaka kumi, na kila asubuhi alivua kofia mlangoni akasema, "Shikamoo, fundi." Baba aliitikia bila kucheka. Alisema shikamoo ile haiendi kwa mtu, inaenda kwa kazi.

Sasa siku ya pili ya baba kuwa kwangu, nikiwa kazini, koti likaja kwenye mkanda.

Nililiona likiwa bado limefunikwa na nguo nyingine, niliona kola tu. Sufu nzito ya buluu iliyokaribia nyeusi, bitana yake ya ndani inateleza mkononi, halina doa. Niliuvuta mshono wa ubavuni na ndani nikakuta kitambaa cha ziada, upana wa vidole viwili. Sijui ni mara ngapi nilikutana na kitu kama kile katika miaka yote ya kazi ile. Labda mara tatu. Nilimwomba msimamizi anipe, akakubali, nami nikalipeleka kwa dobi wa jirani, nikalitia kwenye mfuko wa plastiki wa duka moja la Stratford. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa kutoka mlangoni hadi kwenye kochi.

Baba alilipokea kwa mikono miwili. Hakulivaa. Aliligeuza ndani nje magotini, akapitisha kidole gumba kwenye mshono kuanzia kwapani mpaka chini, akarudi juu. Akainua macho.

"Duka gani?"

"La Stratford, baba. Lilikuwa kwenye punguzo."

"Jipya?"

"Jipya."

"Haya," alisema.

Mtu anayemjua baba angejua kuwa haya yake ina tabaka kadhaa, na mimi nilimjua, lakini nilichagua kusikia lile la juu. Asubuhi yake aliniuliza leo ni siku ya ngapi tangu afike.

"Ya tatu."

"Mgeni siku mbili. Jembe langu leta: mkasi, sindano, uzi wa rangi hii, na chaki. Bega hili lilikatwa kwa mtu mpana kuliko mimi."

Alilifumua lile koti lote mabegani na mbavuni, akalikata upya na kulishona kwa mkono, kwenye kiti cha dirishani ambako mwanga ni mzuri, siku nne. Nikitoka kazini namkuta kainama. Binti yangu akitoka shule anakaa chini karibu yake, na siku moja alimuuliza, kwa Kiingereza, kwa nini anavunja koti zima. Nikatafsiri.

"Silivunji, mchumba," baba alisema. "Naliuliza maswali."

Mimi nilikuwa jikoni, nikasimama pale na mwiko mkononi. Nilijiambia ni maneno ya fundi tu.

Alhamisi ilifika na mvua yake. Baba alitoka chumbani kavaa koti, nami nilisahau hofu yangu yote. Lilimkaa! Bega lilitulia, mgongo ulishuka bila mkunjo hata mmoja, na mkono uliishia pale pale mkono wa shati ulipotakiwa kuonekana. Futi yake ya kupimia, ambayo siku zote ilining'inia shingoni, alikuwa ameiacha mezani. Nikamuuliza mbona hakuivaa. Akasema futi ni ya kazini, na leo anakwenda kutembea.

Kwenye treni watu walimtazama. Niliketi mkabala naye kwa makusudi ili nione wakimtazama. Binti yangu alishika karatasi yake ya mipango na kututangazia vituo, na kila kitu kilikwenda kama alivyokiandika, mpaka ngazi, mpaka kushoto. Foleni ilikuwa fupi. Chapati tulizila hapo hapo kwenye foleni, maana babu na mjukuu walikubaliana kwamba mtu haendi kwa wafalme na njaa.

Ndani watu walikuwa wakikimbilia waigizaji na wanamuziki, wanawakumbatia, wanapigwa picha. Baba aliwapita wote mikono nyuma. Wachezaji wa mpira aliwapungia, kama alivyoahidi, na binti yangu akaweka alama kwenye karatasi. Tulipofika kwenye chumba cha wafalme alivua kofia.

Mfalme wa kadi yangu alikuwepo. Koti jekundu, vifungo viwili viwili. Baba alisimama mbele yake kwa muda mrefu, akahamia kulia, akahamia kushoto, akachuchumaa. Kisha akaniambia nimwombe ruhusa mlinzi wa chumba, mwanamke mwenye sare aliyesimama pembeni.

"Mwambie mimi ni fundi. Fundi hagusi kwa kuiba, anagusa kwa kusoma."

Sijui nilivyolitafsiri lile. Mlinzi alimtazama baba, akalitazama koti la baba, akasema sawa, asivute tu. Baba akainua pindo la koti la mfalme kwa vidole viwili, akaliangalia ndani.

"Bega halina kosa," alisema akiwa bado kainama. "Ni mpiga picha. Miaka kumi na mmoja nimemsema fundi wa watu bure."

"Na ndani je?"

"Ndani hakuna kitu. Mshono umeishia hapo hapo, hata akiba ya unene wa uzi hawakuacha."

"Baba, ni nta. Hanenepi."

"Ndiyo maana yake. Aliyemshonea alijua huyu hana kesho."

Akasimama, magoti yakalia. Kulikuwa na benchi ukutani, akaenda akaketi, akapiga mkono mahali pa kukaa mimi. Akafungua koti lake, akageuza bitana ya ubavuni. Aliiacha sehemu moja bila kuishona, niliona sasa, imefungwa kwa bandi chache tu. Akaifungua.

"Soma," alisema.

Niliona mistari ya matundu ya sindano kwenye sufu. Nilikuwa nimekwisha iona kazini, nikaipuuza.

"Koti jipya lina mstari mmoja wa matundu. Hili, wa kwanza huu, alioshona fundi wake. Huu, mtu alilipanua, mwenyewe kanenepa. Huu, mtu mwingine alilipunguza. Watu wawili wamelivaa hili kabla yangu, labda watatu." Akanitazama. "Mwanangu, hili ni kafa Ulaya."

Nilianza kulia pale pale, mbele ya wafalme wote wale na macho yao ya kioo. Nilimwambia kila kitu. Ghala, mkanda, mabelo, herufi za Dar es Salaam. Nilimwambia kuwa bati la nyumba yake limetoka humo. Nilimwambia nilijua angeona aibu. Binti yangu alisimama mbele yetu na karatasi yake, hajui aiandike wapi hii.

"Nililijua tangu pale kwenye kochi," baba alisema nilipomaliza. "Nililijua kabla hujasema Stratford."

"Mbona ulilivaa? Uliapa."

Aliuliza lake.

"Ulilichagua wewe mwenyewe?"

"Mimi."

"Kati ya mangapi?"

"Sijui, baba. Siku nzima yanapita."

"Na ulikuwa na muda gani wa kulitazama?"

"Kama wa kuvuta pumzi. Mkanda hausimami."

"Kwa nini hili?"

Nikajifuta uso kwa kiganja. Nikamwambia. Kwamba niliona kola kwanza, imeviringishwa kwa mkono, haijapigwa pasi ikalala. Kwamba tundu za vifungo zilishonwa moja moja. Kwamba nilivuta mshono wa ubavu nikakuta akiba ya vidole viwili, na nikajua huyu alikuwa fundi aliyemheshimu mteja wake. Nilisema kwa haraka, kwa sauti ya mtu anayejitetea, na nilipofika katikati nikagundua baba ameacha kunitazama. Alikuwa anatazama mikono yangu, ambayo ilikuwa imekwisha lishika pindo la koti lake na kuligeuza bila mimi kuiagiza.

Akafunga bitana.

"Picha," akamwambia mjukuu wake.

Ninayo mpaka leo picha hiyo. Baba kasimama kando ya mfalme mwekundu, kofia mkononi, na upande mmoja wa koti lake kaufungua wazi ili bitana na mshono wa ndani vionekane. Mfalme ndiye anayeonekana kakodi nguo.

Tulipotoka nje mvua ilikuwa imekatika. Baba akasema sanamu ameziona, sasa kesho nimpeleke kazini kwangu. Nilimwambia si mahali pa kutembeza wageni. Akasema hakuuliza kama ni mahali pa kutembeza wageni.

Msimamizi alikubali nusu saa kabla ya mapumziko, mradi mgeni avae kizibao cha njano. Asubuhi ile baba alivaa koti lake, juu yake kizibao, na juu ya kizibao futi ya kupimia, shingoni. Alipoingia mlangoni alikwenda moja kwa moja kwenye mabelo yaliyosubiri lori. Aliweka kiganja juu ya moja na kukiacha hapo. Sikumsogelea. Nilifikiri cherehani zake tatu, na nilidhani naye anazifikiri, na kama angegeuka akaondoka wakati ule nisingemlaumu.

"Kumbe mnakaa hivi," aliliambia lile belo. Kisha akaja mezani.

Mwenzangu wa meza alikuwa mama mmoja wa Bukavu, aliyejua habari zote za koti. "Karibu, baba," alimwambia, "tusaidie, kazi iko mingi." Akamsogezea nafasi. Mkanda ukaja. Baba alitazama mizunguko michache, nani anatupa nini wapi: kreti la gredi ya kwanza kushoto, la pili kulia, matambara nyuma. Halafu akaanza. Na alikuwa mzuri, Mungu wangu! Alishika shati, akaligeuza, akajua. Mama wa Bukavu akapiga mluzi. Watu wa meza za jirani wakaanza kuchungulia, na mimi nilijaa kifua kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa.

Ikaja jaketi ya kahawia ya mwanamume, nzuri, yenye bitana nzima. Baba aliipima kwa macho, akaitia gredi ya kwanza. Mkono wangu uliifuata. Sikuutuma, ndivyo ulivyozoea miaka yote ile. Uliinua kola, ukapita chini yake, ukakuta vitundu vya nondo, vidogo, vitatu, mahali ambapo havionekani mpaka ujue pa kutafuta. Nikaitoa gredi ya kwanza, nikaitupa ya pili.

Ndipo nikatambua nimefanya nini. Nilikuwa nimemsahihisha baba yangu, fundi wangu, mbele ya watu.

Mama wa Bukavu aliacha kuchambua. Baba alinyoosha mkono akaichukua ile jaketi kutoka kreti la pili. Alivaa miwani. Aliinua kola, akaiweka karibu na uso, akaigeuza kwenye taa. Alivihesabu vitundu kwa ncha ya kidole, kimoja kimoja. Kisha akairudisha palepale nilipoiweka mimi.

Akavua kofia.

"Shikamoo, fundi," alisema.

Alilisema kwa sauti ya kusikika, bila utani usoni, kama yule mzee alivyokuwa akisema mlangoni kwetu kila asubuhi. Mwenzangu akanisukuma kwa kiwiko. "Itika basi, mama! Baba anakuamkia." Lakini hakuna mtoto aliyelelewa Iringa anayeweza kumwitikia baba yake marahaba. Mdomo ulifunguka, neno halikutoka, na mpaka leo halijatoka, na yeye hayupo tena wa kulingoja.

Mkanda haukusimama. Nilichukua nguo iliyofuata, yeye akashika mkono mmoja wa nguo na mimi mwingine, tukaigeuza ndani nje pamoja. Machozi yalinitoka kwa nusu saa nzima, na hakuna hata nguo moja iliyonipita bila kusomwa.